Suti zinazochanika nyongani: kisa cha klipu ya mtungi wa akiba

Kisa hiki kilitokea katika kituo kimoja cha kupiga mbizi kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Jina la kituo, mahali hasa na majina ya wahusika yameondolewa, na wahusika wanatajwa kwa kazi zao tu. Mimi niliitwa kama fundi wa vifaa baada ya tatizo kuwa limeshaanza.

Usuli

Kituo kilikuwa kikipeleka wageni kwenye miamba ya nje ya matumbawe, ambako ukuta unashuka ghafla na mkondo una nguvu. Baada ya mgeni mmoja kuishiwa hewa na kupandishwa kwa hewa ya kiongozi wake (alitoka salama), meneja aliamua kwamba kila kiongozi atabeba mtungi mdogo wa akiba pembeni mwa mwili, mbali na mtungi mkubwa wa mgongoni.

Ilichaguliwa mitungi ya alumini ya lita 5.7, ile inayoitwa ya futi 40 (yaani futi za ujazo 40 za hewa), yenye kipenyo cha sentimita 13 na kidogo. Mtungi wa namna hii huning'inizwa upande wa kushoto kwa kulabu mbili zenye ulimi wa springi. Ya juu imefungwa shingoni mwa mtungi na huingia kwenye pete ya begani. Ya chini hutokeza kwenye ubavu wa mtungi na huingia kwenye pete ya kiunoni. Kamba inayounganisha kulabu hizo mbili hupitishwa ndani ya kipande cha mpira, na chini hubanwa na ukanda wa chuma unaozunguka mtungi. Ukanda huo si kifaa cha ajabu. Ni klipu ile ile ambayo mafundi magari hufungia mipira ya rejeta, ila hii ni ndefu na ya stenlesi.

Klipu hiyo ina sehemu mbili ngumu, na zote zinahusika katika kisa hiki. Kuna kichwa, yaani kile kiboksi chenye skrubu ndani yake, na kuna mkia, ule ukanda unaobaki ukitokeza nje ya kichwa baada ya kukazwa. Mkia umekatwa kiwandani, una vipasuo vya kushika meno ya skrubu, na pembe zake ni kali kuliko zinavyoonekana kwa macho.

Suti za viongozi zilikuwa za neopreni (mpira laini wenye vipovu unaohifadhi joto la mwili), nyingi za milimita 5 na chache za milimita 3. Mgeni anayepiga mbizi moja na kurudi hotelini anaweza kushangaa kwa nini mtu avae milimita 5 kwenye bahari yetu. Lakini wakati wa kusi maji hushuka hadi nyuzi 25 hivi, maji hunyonya joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, na kiongozi huingia majini asubuhi, mchana na pengine tena jioni. Suti iliyotoboka huruhusu maji mapya kupita kila anapopiga pezi, na kufikia mbizi ya mwisho mtu anatetemeka.

Yaliyotokea

Wiki chache baada ya mitungi kuanza kutumika, suti ya kiongozi mkuu ilionekana na mkwaruzo juu ya nyonga ya kushoto. Hakuna aliyeshughulika. Kisha ya pili, kisha ya tatu. Mbili kati yake zilikuwa zimechanwa kitambaa cha juu tu, neopreni ikiwa bado nzima. Ya tatu ilikuwa imepenya hadi ndani, mpasuko wa urefu wa kidole gumba.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa boti. Ilikuwa ya mbao, na kila mtu alijua kuna msumari uliokuwa umechomoza kwenye ukingo upande wa nyuma. Nahodha aliugonga ukaingia, akapaka na rangi juu yake. Mshukiwa wa pili yalikuwa matumbawe, na viongozi wapya wakapewa somo la kukaa mbali na ukuta, somo ambalo kwa haki kabisa liliwaudhi. Mshukiwa wa tatu alikuwa bati la stenlesi la mgongoni ambalo viongozi wawili walikuwa wakilitumia badala ya jaketi la kawaida la kubebea mtungi, kwa kuwa boliti zake zinajulikana kukwaruza suti. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu zaidi kama kungekuwa na mkwaruzo hata mmoja mgongoni.

Suti ziliendelea kuchanika, na ndipo nilipoitwa.

Niliomba suti zote zilizoharibika zitandazwe mezani, upande wa kushoto juu. Zikipangwa hivyo, jambo lilionekana hata kwa mtu ambaye hajawahi kuingia majini: mikwaruzo yote ilikuwa ndani ya eneo lisilozidi upana wa viganja viwili, kati ya mfupa wa nyonga na juu ya paja. Msumari wa boti haungeweza kulenga hivyo, wala matumbawe. Halafu nikaomba mitungi. Kwenye vipasuo vya mkia wa klipu ya kiongozi mkuu kulikuwa na nyuzi nyeusi zimenasa, laini, fupi, za kitambaa cha nailoni. Nilizitoa kwa sindano nikaziweka juu ya karatasi nyeupe mbele ya meneja. Mjadala wa msumari ukaishia hapo.

Lakini kujua ni klipu hakukutuambia uharibifu unatokea wakati gani. Kiongozi mkuu aliamini ni chini, wakati wa kuogelea dhidi ya mkondo. Meneja alidhani ni wakati wa kujirusha kinyumenyume kutoka botini. Kila jibu lingedai marekebisho tofauti, kwa hiyo tuliamua kupima kabla ya kugusa bisibisi.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Kiongozi mmoja alivaa suti kuukuu iliyobandikwa plasta pana nyeupe za hospitali kwenye nyonga, juu ya suti. Aliingia majini na mtungi wake, akakaa juu ya maji, na mwenzake aliyevaa miwani ya mbizi akaikagua plasta: safi. Wakashuka, wakaogelea muda wa mbizi fupi, wakapanda hadi juu: plasta ina alama hafifu ya kusuguliwa, haijachanika. Kisha akapanda ngazi ya boti. Alipofika juu plasta ilikuwa imechanwa mistari miwili sambamba, na kipande kimoja kimening'inia.

Sababu ni uzito. Mtungi huu ukiwa umejaa, pamoja na valvu na regulata yake (kifaa cha kupumulia), unakaribia kilo 10. Majini uzito huo karibu wote hubebwa na maji, na kinachobaki ni kama kilo moja. Mtu anapotoka majini kupitia ngazi, kilo zote zinarudi kwa mara moja, mtungi unasimama wima kutoka begani hadi nyongani, na kila anaponyanyua goti la kushoto kukanyaga ngazi inayofuata, paja linasugua pale pale penye klipu. Boti nayo inayumba. Kwa kuwa huu ni mtungi wa akiba, hewa yake kwa kawaida haiguswi, kwa hiyo kila siku unapandishwa ukiwa na uzito wake wote.

Maamuzi na sababu zake

Jaribio la kwanza lilifanywa kabla sijafika. Baharia mmoja alizungushia mkia plasta ya umeme. Ilidumu siku moja. Gundi yake haivumilii maji ya chumvi na jua, na ilipoachia iliacha utando wa kunata ambao sasa ulishika mchanga. Suti ilikuwa inasuguliwa na chuma chenye msasa.

Jaribio la pili lilikuwa la kiongozi mkuu mwenyewe. Alilegeza klipu, akazungusha kila kitu pamoja (kamba, kulabu na kichwa) ili kichwa kiende upande wa nje. Nyonga ilipona mara moja, lakini kamba ndiyo inayoamua mtungi utakaaje. Ukiizungusha kamba, unauzungusha mtungi mzima, na valvu inageuka nao. Alipojaribu kwenye maji ya kina kifupi, alirudi juu akasema, "Fundi, hapana. Kishikio kimeangalia mbavu zangu, siwezi kukifungua kwa mkono wowote." Mpira wa regulata nao ulikuwa umepinda vibaya. Mtungi wa akiba usiofunguka ni mzigo tu, na nilimuunga mkono alipourudisha ulivyokuwa, hata kama suti ingechanika siku mbili tatu zaidi.

Hapo ndipo tulipotenganisha mambo mawili ambayo mwanzoni yalichukuliwa kama moja: mahali pa kamba na mahali pa kichwa cha klipu. Kamba ina mahali pake kulingana na mwili na valvu, haiguswi. Kichwa kinaweza kukaa popote kwenye duara la mtungi, mradi ukanda unabana. Mwanzoni kilikuwa kimewekwa kando ya kamba kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba aliyefunga alikuwa na mtungi umelala juu ya meza, na upande huo ulikuwa rahisi kuufikia kwa bisibisi. Tulilegeza klipu bila kuifungua, tukaishikilia kamba isisogee, tukatelezesha ukanda hadi kichwa kikawa upande wa pili kabisa wa mtungi, unaotazama bahari. Kisha tukakaza. Mafundi wengi hutumia bisibisi bapa hapa. Mimi nilitumia spana ya boksi kwa sababu skrubu hizi zina kichwa cha pembe sita, na bisibisi ikiteleza hukwaruza mtungi.

Kichwa kilipoenda nje, mkia nao ulienda nje. Siku ile ile baharia aliyekuwa akivuta mtungi botini alikatwa kidole. Tatizo lilikuwa limehama kutoka kwa suti ya mmoja hadi mkono wa mwingine, na hilo halikubaliki. Kwa hiyo mkia ulipaswa kukatwa.

Hapa palikuwa na jambo ambalo nilisimama kulizuia. Kijana mmoja alishaleta msumeno wa chuma na kuanza kupima kukata ukanda ukiwa juu ya mtungi. Mtungi wa alumini hujazwa hewa kwa shinikizo la takriban bar 200. Mfereji wa msumeno kwenye ubavu wake ni jeraha ambalo mkaguzi anaweza kuukataa mtungi mzima kwa sababu yake, na ana haki. Hakuna msumeno, tupa wala jiwe la kusagia linalokaribia mtungi. Mkia ulitiwa alama kwa kalamu, sentimita moja hivi nje ya kichwa, klipu ikalegezwa na kuvuliwa, ikabanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, ikakatwa kwa msumeno wa meno madogo.

Ya kwanza walikuwa wameikata kwa plaizi, na matokeo yake yanafaa kuelezwa kwa sababu wengi hufanya hivyo. Plaizi haikati, inabana hadi chuma kikatike. Ukingo uliobaki ulikuwa umekunjamana na wenye vijimeno, mbaya kuliko ule wa kiwandani. Ilibidi uondolewe tena kwa msumeno. Baada ya kukata, pembe mbili ziliviringishwa kwa tupa, ukingo ukapitishwa msasa mkavu kisha msasa wa maji, na kipimo cha mwisho kilikuwa soksi ya zamani ya nailoni. Ukiipitisha juu ya mkia ikanasa, rudi kwenye tupa.

Mwisho tulikata pete za tyubu ya gari zenye upana wa vidole vinne, tukazivuta juu ya kila mtungi zifunike klipu nzima, kichwa na mkia, kulabu ikitokeza kupitia kitobo kidogo kilichotobolewa kwa bomba lenye ncha kali, kwa kuwa kitobo cha duara hakichaniki haraka kama cha kisu. Tyubu ya pikipiki ilijaribiwa ikashindikana. Ni nyembamba mno kuvutwa juu ya mtungi wa kipenyo hiki, na ukiilazimisha hupasuka.

Upande wa taratibu, nilipendekeza mtungi uvuliwe kabla ya kupanda ngazi na kukabidhiwa baharia. Kiongozi mkuu alikataa, na hoja yake ilikuwa nzuri. Wakati wa kusi, boti ikipanda na kushuka, kiongozi ana wageni wa kuwasaidia na anahitaji mikono yote miwili. Kukabidhi kilo 10 kwa mkono juu ya kichwa cha mgeni ni kutafuta ajali. Tulikubaliana kitu cha katikati. Kamba moja nene iliteremshwa ubavuni mwa boti ikiwa na pete mwishoni. Kiongozi anapofika juu ya maji huingiza kulabu ya mtungi kwenye pete hiyo, anawapandisha wageni, anapanda mwenyewe, na baharia huvuta mtungi baadaye kwa wakati wake.

Kabla mtungi wowote haujarudishwa kazini, kila kiongozi alipaswa kufanya mambo mawili ndani ya maji ya kina kifupi akiwa amevaa glavu: kufungua valvu kwa mkono wa kushoto bila kutazama, na kuvua kulabu zote mbili kwa mkono mmoja. Kiongozi mmoja alishindwa kulabu ya chini kwa sababu tyubu ilikuwa imebana shingo ya kulabu hiyo. Kitobo kiliongezwa, akarudia, akafaulu.

Matokeo

Kwa msimu wote uliofuata hapakuwa na mpasuko mpya nyongani mwa suti za viongozi. Suti moja ya mgeni ilichanika, lakini begani, na yule msumari wa zamani ulikuwa umechomoza tena.

Suti zilizochanwa kitambaa tu zilipakwa gundi ya neopreni na kurudi kazini. Ile iliyopenya ilitengenezwa hivi: kingo zikasafishwa kwa maji baridi (yasiyo na chumvi) na kukaushwa kabisa, gundi ikapakwa tabaka mbili nyembamba pande zote, kila tabaka likaachwa hadi lisinate kidoleni, kisha kingo zikabanwa pamoja na kushonwa juujuu bila sindano kupenya hadi upande wa ndani. Bado inavaliwa, ingawa mwenyewe anasema anahisi ubaridi pale.

Jambo baya lilionekana miezi baadaye. Mtungi mmoja ulipovuliwa tyubu kwa ukaguzi wa mwaka, chini ya klipu kulikuwa na ungaunga mweupe, na rangi ilikuwa imefura malengelenge kuzunguka duara lote. Stenlesi na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Klipu peke yake ilikuwa ikisuuzwa na kukauka kila jioni. Tyubu iliyawekea maji ya chumvi nyumba. Mkaguzi alikwangua rangi, akapima kina cha mashimo, akaupitisha mtungi, lakini alieleza wazi kwamba ungekaa hivyo mwaka mwingine asingeupitisha.

Tangu hapo tyubu huvuliwa kila wiki, mtungi hulowekwa kwenye maji baridi na klipu husogezwa kidogo. Ukanda mwembamba wa mpira uliwekwa kati ya klipu na mtungi ili vyuma viwili visigusane.

Uchambuzi

Kilichosaidia zaidi kuliko chochote kilikuwa kutandaza suti zote pamoja. Kila suti peke yake ilikuwa na hadithi yake: msumari, jiwe, uzembe. Zote pamoja zilikuwa na mahali pamoja. Kituo kilikuwa na ushahidi huo kabatini muda wote, na hakuna aliyeutazama kwa sababu kila mtu alitunza suti yake mwenyewe.

Plasta za hospitali ziliokoa kazi nyingi. Bila kipimo kile tungefuata dhana ya mkondo, na pengine tungehamisha klipu juu au chini ya mtungi, jambo ambalo lingebadilisha namna mtungi unavyolala majini bila kupunguza kabisa msuguano wa ngazini. Naona pia kwamba kosa la asili lilizaliwa mezani, si baharini. Klipu ilifungwa na mtu makini, akiwa na mtungi mbele yake na mwili haupo. Tangu wakati huo sifungi klipu ya mtungi wa pembeni bila mwenye mtungi kuuvaa kwanza, asimame, ainame, anyanyue goti.

Kukataliwa kwa jaribio la pili kulikuwa uamuzi bora kabisa wa kisa hiki, ingawa hauonekani kwenye orodha ya marekebisho. Suti ya milimita 5 ni ghali kwa mfuko wa kiongozi. Lakini kiongozi mkuu aliona upesi kwamba kuilinda kwa kuficha valvu kulikuwa kubadilishana vibaya, akaikubali hasara ndogo kwa muda.

Kilichoshindikana ni tyubu kuwekwa bila ratiba ya kuivua. Tulishangilia nyonga nzima na hatukuuliza kifuniko kile kinafunika nini kingine. Ratiba ya kusuuza ingeandikwa siku ile ile, malengelenge yasingetokea. Kamba ya botini nayo ilichelewa kuzoeleka. Viongozi wawili waliendelea kupanda na mitungi yao kwa wiki kadhaa kwa sababu klipu sasa haikuwaumiza, hadi meneja alipoifanya sharti.

Jambo moja halijaamuliwa. Meneja anataka kuachana na klipu za chuma na kutumia kanda za nailoni zenye kifungio cha plastiki, ambazo hazikwaruzi suti wala haziliwi na chumvi. Nimejaribu moja. Kwenye mtungi mkavu inabana vizuri, lakini nailoni hulegea kidogo ikilowa, na juu ya rangi laini ukanda ulishuka upana wa kidole katika mbizi moja. Inawezekana ukikazwa ukiwa umelowa tayari hautashuka. Kwa sasa mitungi miwili ina kanda za nailoni na mingine ina klipu, na viongozi wamegawanyika. Wale wenye suti za milimita 3 wote wanataka nailoni.